Kijana wa kidato cha pili kabadilika kwa kampani. Nimpeleke bweni, au nitakuwa nahamisha tatizo?

#1 Baba_Kihonda
Wakuu, heshima kwenu.

Nina kijana wa miaka 15, kidato cha pili, shule ya kata ya kutwa hapa Morogoro. Hadi mwaka jana hakuwa na shida. Akitoka shule anachota maji, anamsaidia mama yake kwenye genge, usiku anapiga msuli kidogo. Mwaka huu kapata kampani mpya, vijana wanne hivi, wengine wako kidato cha tatu. Suruali za shule kazipeleka kwa fundi zimebanwa, sasa ni modo. Kichwani kiduku. Anarudi saa mbili usiku, ukimuuliza anajibu walikuwa wanajisomea kwa fulani. Juzi kwenye simu ya mama yake nimekuta meseji za mikeka ya kubeti. Matokeo ya nusu muhula yameporomoka na Novemba ana upimaji wa taifa.

Mimi sina shaka, ni hao marafiki. Nimeshapata nafasi shule ya bweni Iringa, Januari ahamie. Mama yake hataki, anasema nitahamisha tatizo na ada juu. Mnasemaje? Mliosoma bweni mseme ukweli, msianze kusifia shule zenu.

#2 Nyoka_wa_Shaba
Nimeweka kambi hapa. Kiduku na modo hata mimi nilipitia, leo nafunga hesabu za watu. Mkeka ndio wa kuogopa.

#3 dada_wa_Tandika
Kabla hatujawahukumu watoto wa watu, swali moja: hela ya kubeti anaitoa wapi? Ya fundi cherehani? Ya kinyozi? Mtoto mwenzake wa miaka 16 hana ubavu wa kumfadhili. Fuata hela, marafiki utawakuta mbele ya safari.

#4 Mwl_Shukuru
Mimi nafundisha shule ya kata, siyo Morogoro, lakini hadithi hii naijua.

Wazazi wanadhani kundi linaundwa darasani. Mara nyingi sivyo. Darasani tunawapanga sisi, tena wamebanana. Kundi linaundwa njiani na saa ya chakula. Pale kwetu waliochangia chakula wanapanga foleni na sahani zao. Wasiochangia hawapendi kusimama pale wakitazama wenzao wanakula, kwa hiyo wanatoka nje ya geti. Miezi miwili tu wanakuwa kitu kimoja, na mle utamkuta mtoto wa kidato cha kwanza mpaka wa nne. Hawakuchaguana kwa tabia. Walikutana kwa njaa, tabia zikaja baadaye, maana mtu akikaa saa nzima nje ya geti kila siku hakosi cha kufanya.

Njiani vivyo hivyo. Mtoto anayetembea kilomita sita hawezi kutembea peke yake, atatembea na wanaokwenda upande wake, wawe wema wawe wabaya. Halafu kuanzia saa nane na nusu wanapotoka hadi giza linapoingia hakuna mtu mzima anayewaona. Mzazi yuko gengeni, mwalimu naye yuko kwenye kibanda chake cha kuongezea kipato (ndiyo, na mimi ninacho).

Kwa hiyo mleta mada, kijana anakula wapi mchana? Na anarudi kwa njia ipi?

#5 Kipanga_Mweusi
Nimesoma bweni kidato cha kwanza hadi cha sita. Nakupa ukweli uliouomba.

Usiku wa kwanza njuka tulipandishwa juu ya masanduku tukaimba wimbo wa taifa kinyumenyume. Ukikosea unafua nguo za kaka mkubwa wiki nzima. Mwaka uliofuata mimi ndiye niliyekaa chini nikicheka wengine wakiimba, na sikuambiwa na mtu nifanye hivyo. Kutoroka kufuata chipsi ilikuwa heshima. Aliyeogopa ukuta aliitwa "mke wa patroni" hadi anamaliza shule. Na viroba vya pombe kali vilikuwa vinaingia ndani ya kopo la sabuni ya unga, mpaka serikali ilipovipiga marufuku 2016.

Nyumbani kijana akilewa kuna mama wa kumnusa. Bweni atanuswa na nani, na wote wananuka?

#6 Mtakwimu_Mstaafu
Marekebisho kidogo kwa #5: marufuku ya viroba ilianza 1 Machi 2017. Waziri Mkuu aliitangaza Februari mwaka huohuo.

Nalileta hilo kwa sababu lina somo. Kiroba kilikuwa bei ya chini na kinaenea mfuko wa shati la shule. Watoto wale hawakubadilisha marafiki Machi 2017. Kilichobadilika ni kilichokuwa mfukoni. Watu hupenda kulaumu kampani wakasahau kuuliza nani anauza, wapi, kwa bei gani. Leo mkeka uko ndani ya simu, mwenye miaka 15 anajisajili kwa namba ya mama yake. Sheria inasema miaka 18.

Pili, tusikimbilie kusema marafiki "walimbadilisha". Katika utafiti uliotoka 1978, Denise Kandel aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari jimbo la New York, marafiki kwa marafiki, mwanzo wa mwaka wa masomo na mwisho wake. Alikuta kufanana kwao kuna mafungu mawili yanayokaribia kulingana: nusu walifanana tangu mwanzo ndiyo maana wakachaguana, nusu walifanana baada ya kukaa pamoja. Huyu kijana nusu yake alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake.

#7 dada_wa_Tandika
Mzee wa takwimu kaingia, sasa tutapimiwa kila kitu nusu nusu 😂 Nusu ya kiduku kanyoa mwenyewe, nusu kanyolewa na marafiki.

Lakini nyie mnaongea mikeka na viroba, sisi wa Dar tunaongea mapanga. Panya Road walianza 2022, watoto wa miaka 14 na 15 wanaingia nyumba kwa nyumba. Pale huniambii habari za kuchaguana. Mtoto mmoja mmoja ukimkuta dukani anakuamkia vizuri.

#8 Nyoka_wa_Shaba
Hapana dada, 2022 walirudi. Usiku wa 2 Januari 2015 nilikuwa Sinza, jiji lilikimbia lote kwa jina hilohilo, maduka yalifungwa hata mitaa ambayo hawakufika. Siku ile watu wazima ndio walifuata mkumbo kuliko watoto. Mtu anakimbia, ukimuuliza unakimbia nini, anasema "si nakuona na wewe unakimbia".

#9 Dokta_Mtaani
Jibu la kitaalamu ni fupi. Ubongo wa kijana haujakomaa hadi miaka 25, sehemu ya mbele inayoshika breki inachelewa. Wamarekani walishathibitisha kwa kuwapa vijana magari, wakiwa na wenzao wanagonga hovyo. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ni maumbile.

#10 Afisa_Ngazi_ya_Kata
Mkuu #9, dokta wa wapi? Hakuna aliyepewa gari 😅

Ulikuwa mchezo wa kwenye kompyuta. Margo Gardner na Laurence Steinberg, 2005, watu 306 wa makundi matatu: miaka 13 hadi 16, 18 hadi 22, na 24 kwenda juu. Taa ya njano inawaka, unasimama au unaendelea kupata alama zaidi? Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wakiwa pembeni. Wadogo walipokuwa na wenzao walijitosa zaidi sana, wakubwa hawakubadilika. Mwaka 2011 Steinberg na wenzake wengine wakarudia mchezo unaofanana na huo ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na marafiki walikaa chumba cha pili wakitazama kwenye skrini. Kijana akiwa peke yake alicheza kama mtu mzima. Akijua anatazamwa na rafiki zake, sehemu ya ubongo inayohusika na raha ya kupata zawadi inawaka zaidi na taa anazipita.

Nawaomba mlitazame hilo jambo la mwisho. Rafiki hakumwambia chochote pale. Alimtazama tu. Sisi ofisini tunawafundisha watoto "kataa, sema hapana", kana kwamba kuna mtu anawaomba. Hapana unamwambia nani kama hakuna aliyekuomba?

Na kabla hujasema "ni maumbile": akiwa peke yake breki zilishika. Maumbile yale yale.

#11 Wa_Mua
Habari za huko, mimi ni Mkenya, niko Machakos.

Buda, usikimbilie bweni. Huku kwetu boarding ndiyo mambo yote, na tumeyaona. Machi 2001 hapa Machakos, Kyanguli, bweni lilichomwa usiku na wanafunzi 67 wakafa. Moto uliwashwa makusudi. 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa mabweni katika mwaka mmoja. Mimi nilikuwa shule nyingine miaka ya kati hapo, na sisi tulipanga mgomo. Ukiwauliza darasa zima mmoja mmoja nani anataka mgomo, hakuna. Lakini usiku wa kuamua kila mtu alikaa kitandani na viatu ameshavaa, kwa sababu jirani yake amevaa. Iliponyesha tukalala. Mvua ndiyo ilituokoa, si mwalimu.

Wazazi wa Kenya wanasema tatizo ni shule ndogo, mtoto akiingia shule ya kitaifa na watoto wakali wa masomo atabadilika. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliangalia hilo, kazi yao ilitoka 2014. Walilinganisha watoto waliopenya kwa alama chache kuingia shule bora za serikali na waliokosa kwa alama chache. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku kwetu, tofauti ilikuwa ndogo mno, karibu hakuna. Kukaa katikati ya vichwa hakukuwapa vichwa.

#12 Mnyaki_wa_Tukuyu
Nyie wote mnaongea kana kwamba kampani ni ugonjwa. Kwetu Rungwe ndiyo ilikuwa malezi yenyewe.

Babu alinisimulia, na mtafiti Monica Wilson aliyekaa huko miaka ya 1934 hadi 1938 ameandika hayohayo. Mvulana akifika miaka 10 au 11 hatakiwi tena kulala kwa wazazi. Anakwenda kwenye kijiji cha wavulana, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanalala rika moja. Mchana anachunga au analima shamba la baba. Kula anakula kwa mama, lakini haendi peke yake, wanakwenda kundi zima, leo kwa mama huyu kesho kwa yule. Wakikua wanaoa palepale na kijiji kinakuwa kijiji cha watu wazima. Wazee waliona aibu kijana mkubwa kulala karibu na mambo ya wazazi wake, na mkwe naye hakutakiwa kukutana na baba mkwe.

Aliyependa kula peke yake ndiye aliyetazamwa vibaya. Leo tunamsifu mtoto anayejifungia chumbani na simu, "ametulia, hana makundi". Huyo mimi ndiye ningemhofia.

#13 Mtakwimu_Mstaafu
#12 umeeleza vizuri ila umeruka ng'ombe. Vijana walilala wenyewe, sawa, lakini ng'ombe wa mahari alikuwa zizini kwa baba. Ukimchezea mzee, huoi. Rika lilikuwa huru usiku tu. Kijana wa leo hasubiri ng'ombe wa mtu yeyote, kwa hiyo baba unamshika na nini?

#14 Mnyaki_wa_Tukuyu
Na ada. Ada ndiyo ng'ombe wa leo.

#15 Mwl_Shukuru
Elimu bila ada tangu 2016 hadi kidato cha nne, mzee. Ng'ombe mmemwachia serikali 😂

#16 Binti_Lindi
Naona uzi mzima wavulana tu. Wasichana hawana kampani?

Nilikaa hosteli ya wasichana kidato cha tatu. Taa zikizimwa zinaanza hadithi. Fulani ana mwanachuo, fulani ana mwanajeshi, fulani ana wa bodaboda anayemletea chipsi kuku. Mimi sikuwa na mtu, na ukisema huna unaitwa mshamba, au unaambiwa unangoja unyago. Nikatunga wangu, nikampa jina na kazi bandarini Mtwara. Niliisimulia hadithi yake usiku kwa usiku kama tamthiliya. Yupo mmoja wetu aliyeona amebaki nyuma akatafuta wa kweli, mtu mzima mwenye duka. Shule aliishia kidato cha tatu, enzi zile ukipata mimba hurudi.

Miaka imepita, tuna kundi la WhatsApp la chumba kile. Siku moja mmoja akaanzisha mada, kila mtu ataje ukweli. Ukiacha wawili, wote walikuwa wametunga kama mimi. Sasa niambieni ni nani alitushinikiza? Kundi lililotusukuma halikuwepo. Tulisukumwa na wasichana tuliowabuni.

#17 Afisa_Ngazi_ya_Kata
#16 asante kwa kusema. Hilo lina utafiti pia: Deborah Prentice na Dale Miller, 1993, chuo cha Princeton. Kila mwanafunzi alidhani wenzake wanaufurahia ulevi wa pale chuoni kuliko yeye, na kwa kuwa wote walidhani hivyo, hakuna aliyesema.

#18 Wa_Mua
Kwa huyo wa duka: Pascaline Dupas alifanya kazi magharibi mwa Kenya. Shule zingine ziliendelea na somo la kawaida la UKIMWI, subiri hadi ndoa. Zingine wasichana walionyeshwa kwa tarakimu tu kwamba wanaume wakubwa ndio wenye maambukizi zaidi kuliko vijana wa rika lao. Hizi za pili mimba za utotoni zilipungua 28%. Somo la kawaida halikusogeza kitu. Wasichana waliacha wazee wakabaki na rika lao, wakawa salama zaidi. Wakati mwingine rika ndilo kimbilio, tatizo ni mkubwa mwenye pochi.

#19 Kipanga_Mweusi
Hapo sasa tumetoka kwenye kiduku tumefika kwenye wazee wenye pochi. Nipo.

#20 Fundi_wa_Gereji
Mimi ni wa upande wa pili. Niliacha shule kidato cha pili, nikawa nashinda kijiweni. Nyumbani walishasema wakachoka, padri alisema, mjomba alichapa. Jamaa yangu wa kijiwe hichohicho siku moja alisema yeye anakwenda VETA kuchukua fomu, na mimi nisipokwenda atakosa mtu wa kutembea naye. Nilikwenda kwa sababu hiyo tu. Yeye aliacha baada ya muda, mimi nikabaki. Leo nina gereji, na yeye hunitembelea kuazima spana.

Kama mzazi wangu angenihamishia Iringa kunitoa kwenye "kampani mbaya", nisingekuwepo siku ile.

#21 Dokta_Mtaani
Bahati yako isiwe kanuni. Kwa mmoja aliyepelekwa VETA na rafiki, wangapi wamepelekwa jela?

#22 Fundi_wa_Gereji
Sijasema kanuni. Nimesema gereji.

#23 Afisa_Ngazi_ya_Kata
Mleta mada, kuna jambo nataka ulipime kabla ya Iringa. Uliza hiyo shule inapokea watoto wa namna gani. Zipo shule za binafsi ambazo wazazi wengi wanapeleka watoto waliowashinda, kwa sifa ya viboko na ukali. Maana yake unamtoa kwenye kundi la wanne unamtia kwenye bweni lililojaa wa aina yake kutoka mikoa yote.

Marekani, Cambridge na Somerville, Massachusetts, kulikuwa na mradi ulioanza miaka ya 1930 wa kuwasaidia wavulana walioonekana watapotea. Washauri, masomo ya ziada, kambi za likizo. Joan McCord aliwatafuta baada ya miaka 30 akakuta waliosaidiwa wana hali mbaya kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Baadaye walipochambua zaidi, madhara makubwa yalikuwa kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo waliyotoa ni kwamba kule watukutu walikuwa wakihadithiana ushujaa na kuchekeana, na kicheko ndicho malipo.

#24 Nyoka_wa_Shaba
Sasa huyu mzee afanye nini? Bweni moto, kutwa nje ya geti, kambini wanaharibika, kijiji cha wavulana hakipo. Amfunge kamba?

#25 Baba_Kihonda
Wakuu asanteni, nimesoma yote, nilikuwa safarini.

Mwl #4: chakula nalipa, na risiti ninazo. Njia anayorudia inapita stendi ya zamani. Wenzake wanne wote ni wa upande huo.

Dada #3: hela nimeshajua. Anapewa na mjomba wake, mdogo wa mke wangu, anayekaa kwetu akisubiri ajira. Anampa buku mbili, tatu, anamtuma amjazie mkeka kwa simu ya dada yake kwa kuwa yake imekufa kioo. Kiduku pia kinyozi ni rafiki wa mjomba. Lakini kuchelewa kurudi na masomo kushuka, hayo siyo ya mjomba. Hayo ni ya wale wanne. Bado msimamo wangu ni bweni.

#26 dada_wa_Tandika
NILISEMA. Fuata hela. Apelekwe bweni mjomba 😂😂

#27 Mtakwimu_Mstaafu
Mjomba ana umri gani?

#28 Baba_Kihonda
23.

#29 Dokta_Mtaani
Ubongo wake bado miaka miwili.

#30 Mwl_Shukuru
Mleta mada, msimkimbilie mjomba haraka namna hiyo. Chakula unalipa, sawa, je anakula? Nina wanafunzi ambao baba kalipa na mtoto haonekani kwenye foleni, kwa sababu rafiki zake hawamo kwenye orodha na hataki kula wakimsubiri nje. Muulize mwalimu wa zamu, usimuulize yeye.

#31 Mnyaki_wa_Tukuyu
Kama anatoka nje kuwasubiri wasiokula, huyo mtoto mbona ana adabu kuliko nilivyodhani.

#32 Baba_Kihonda
Mwalimu, jumatatu nitapita shule. Kuhusu mjomba, mke wangu amesoma huu uzi na hali hapa nyumbani si nzuri. Msiendelee kumtaja.

#33 Kipanga_Mweusi
Salamu kwa shemeji. Na hiyo shule ya Iringa, orodha ya vifaa wameandika jembe, fyekeo au ndoo mbili? Ukinijibu nitakuambia ni ya namna gani.